Daftari la Mama na namba tatu za kikokotoo

Mama alifungua daftari kwenye ukurasa uliokunjwa pembe, akanisukumia mezani. Kushoto ameandika "Mwl. Mkuu", kulia "Mimi", na katikati amepiga mstari kwa rula kama alivyokuwa akigawa ubao. "Sahihisha," akasema, akaingia jikoni kuepua mtori.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka misa, na Kibosho ilikuwa na ule ukungu wa Julai unaokufanya uvae sweta saa saba mchana. Mimi ni mhasibu wa kampuni ya kupandisha watalii mlimani, ofisi yetu ipo Moshi mjini. Kwa Mama, mtu anayeandika ankara za Wazungu hawezi kushindwa na hesabu ya pensheni. Ukweli ni kwamba sikuwahi hata kuijaribu. Nilijua kile ambacho kila mtu anakijua: asilimia za mkupuo, ile pesa ya mara moja unayolipwa ukistaafu, zilikuwa 50, zikashushwa hadi 33, kelele zikapigwa, zikapandishwa hadi 40. Nilipokaa na lile daftari ndipo nikaona kwamba muda wote huo tulikuwa tumemkaba mtu asiye mwizi.

Mwalimu Mkuu ni jirani yetu, shamba lake na letu vinagawanywa na mfereji. Yeye na Mama wamezaliwa 1962, yeye Aprili, Mama Septemba. Wote waliajiriwa 1986, ualimu wa shule ya msingi, na walipanda madaraja wakifuatana kama watu wawili kwenye ngazi moja. Jina la Mwalimu Mkuu limebaki tu, kwa sababu aliongoza shule miaka michache kisha akarudi darasani. Wote walistaafu kwa lazima mwaka 2022 walipofika miaka 60. Yeye Aprili, Mama Septemba. Katikati hapo kuna tarehe 1 Julai 2022, siku kikokotoo kipya, yaani kanuni mpya ya kukokotoa pensheni, kilipoanza kutumika.

Kwa hesabu rahisi Mama alichukua mshahara wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi kwa wote wawili, yaani 14,400,000 kwa mwaka, na miezi 432 ya utumishi, ambayo ni miaka 36.

Upande wa Mwalimu Mkuu: 432 gawanya kwa 540, zidisha kwa mshahara wa mwaka. Unapata 11,520,000. Hiyo ndiyo pensheni yake nzima ya mwaka, kabla hajachukua mkupuo. Nusu yake, 5,760,000, anauachia Mfuko wa pensheni, na Mfuko unamlipa mara 15.5. Mkupuo: 89,280,000. Nusu iliyobaki inagawanywa kwa 12, anapokea 480,000 kila mwezi mpaka mwisho wa uhai wake.

Upande wa Mama: 432 gawanya kwa 580. Zidisha kwa mshahara uleule na unapata 10,725,517. Asilimia 33 yake inazidishwa kwa 12.5. Mkupuo: 44,242,759. Asilimia 67 iliyobaki inampa 598,841 kwa mwezi. Na hapo nimekuwa mkarimu, kwa sababu kanuni mpya haiangalii mshahara wa mwisho, inachukua wastani wa miaka mitatu bora, kwa hiyo namba halisi inashuka tena kidogo.

Nikamwita. "Mama, ziko sahihi."

"Najua ziko sahihi. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na sita." Akaketi. "Tumepishana miezi mitano, baba. Milioni arobaini na tano."

Niliitetea serikali, na niliitetea kwa nia njema. Nikamwambia kila mwezi yeye anapata karibu laki moja na ishirini zaidi ya Mwalimu Mkuu, na hiyo ni ya maisha. Hakunijibu. Akageuza ukurasa. Alishafanya: milioni 45 ukizigawa kwa 118,841 ni miezi 379, miaka thelathini na moja na miezi saba. Angefika miaka 91 ndiyo wawe sawa. "Bibi yako alifika themanini na nane," akasema, "na watu walisema ameishi sana."

Tukae kidogo kwenye hizo namba, maana mjini zinatajwa kama mafumbo. Kikokotoo kina namba tatu zenye meno. Ya kwanza ni 540 au 580. Inasema kila mwezi uliofanya kazi unakununulia kipande gani cha mshahara. Kwa 540, mwaka mmoja wa kazi unakupa asilimia 2.22 ya mshahara wako, kwa 580 ni asilimia 2.07. Ya pili ni 15.5 au 12.5, ambayo ni bei. Ukiuachia Mfuko shilingi moja ya pensheni yako ya kila mwaka, unakulipa ngapi leo? Zamani 15.5, sasa 12.5. Ya tatu ni hiyo asilimia inayopigiwa kelele, na kazi yake ni moja tu: kuamua unauza kiasi gani cha pensheni yako.

Sasa angalia. Tarehe 13 Juni 2024, kwenye hotuba ya bajeti, Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba alitangaza kwamba waliokuwa wakipata asilimia 50 wakashushwa hadi 33 watapandishwa hadi 40, na waliokuwa wakipata 25 wakapandishwa hadi 33 watafika 35. Nilikuwa Arusha wiki sita kabla, Mei Mosi, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, maadhimisho ya kitaifa, mgeni rasmi akiwa Makamu wa Rais Philip Mpango. Kikokotoo ndiyo ilikuwa salamu ya uwanja mzima. Kwa hiyo ile 40 ilipotangazwa, kundi letu la WhatsApp la ofisini liliwaka. Tumeshinda!

Ukiweka 40 kwenye hesabu ya Mama, mkupuo unakuwa 53,627,586, yaani milioni 9.4 juu ya ule wa 33. Pensheni ya mwezi inashuka hadi 536,276, yaani inapungua kwa 62,565. Gawanya hizo milioni 9.4 kwa 62,565. Unapata miezi 150. Miaka 12 na nusu. Ni ileile 12.5, imerudi imevaa kanzu. Hakuna shilingi mpya iliyoingia humo. Pesa ya kesho imesogezwa leo, kwa bei ileile ya 2022, basi.

Twende mbali zaidi. Tuseme kesho wanarudisha asilimia 50 nzima, tunapiga vigelegele mpaka Himo. Kwa 580 na 12.5 zilizobaki pale pale, Mama angepata mkupuo wa 67,034,483 na pensheni ya 446,897. Mwalimu Mkuu, kwa asilimia 50 hiyohiyo, ana 89,280,000 na 480,000. Zaidi ya milioni 22 zimekwenda, na elfu thelathini na tatu kila mwezi, na asilimia haihusiki. Zimekwenda kwenye namba mbili ambazo sikuziona kwenye bango hata moja pale Sheikh Amri Abeid.

Siandiki haya kusema kwamba kanuni ya zamani ilipaswa kuachwa. Mimi ni mhasibu, siwezi kutazama 540 na 15.5 nikasema zinajilipa. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, kwa mtumishi wa umma 5 zikiwa zake na 15 za mwajiri. Kwa asilimia 20 hizo, mtu wa miaka 36 kazini alikuwa anaahidiwa asilimia 80 ya mshahara wake wa mwisho kwa maisha yake yote, na nusu ya hiyo ahadi inalipwa mapema kwa bei ya 15.5. Mshahara wa mwisho ndio mkubwa kuliko yote, ilhali michango mingi ilikatwa kwenye mishahara midogo ya ujana. Anayedhani hilo lingeendelea milele ajaribu kulifanya kwenye kikoba chake.

Halafu kuna jambo la sisi wa sekta binafsi, ambalo watumishi wa umma hawapendi kulisikia. Wanachama wa NSSF, mfuko wa sekta binafsi, na wa uliokuwa PPF tulikuwa tayari kwenye 580 na 12.5, na mkupuo wa asilimia 25. Hakuna aliyetulilia. Kanuni ya 2022 ilituweka wote kwenye hesabu moja, na kwetu mkupuo ulipanda. Kwa hiyo neno "kuoanisha" lililotumiwa na serikali halikuwa la uongo.

Tatizo langu ni nani aliyebebeshwa, na lini.

Mama alikuwa mwanachama wa PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Mfuko ule ulianza kuchangiwa Julai 1999. Kabla ya hapo watumishi wa serikali walikuwa na ahadi ya pensheni bila kukatwa mchango, na Mama alifanya kazi miaka 13 namna hiyo. Mfuko ulipoanza, ulibeba na ile miaka. Wastaafu wakaanza kulipwa kwa miaka yao yote, ya kabla na ya baada ya 1999, kutoka kwenye sanduku lililowekewa ya baada tu. Serikali ilitakiwa kujaza pengo. Ikachelewa, deni likakua, likawa la matrilioni. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria ya kuunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, ulioanza kazi tarehe 1 Agosti mwaka huo, na shimo likahamia nyumba mpya pamoja na vyombo. Mwishoni mwa 2021 serikali ilitoa hatifungani maalumu isiyo taslimu ya shilingi trilioni 2.17 kulipa sehemu ya deni hilo. Ni hatua, siibezi. Lakini "isiyo taslimu" maana yake Mfuko ulipokea karatasi inayozaa riba, na mstaafu wa Kibosho halipwi kwa karatasi.

Kwa hiyo tunaposema mfuko haukuwa endelevu, tuseme na sababu zote. Kanuni ilikuwa ya ukarimu kupita uwezo, ndiyo. Na mwenye ahadi hakuleta fedha kwa wakati, ndiyo vilevile. Marekebisho ya 2022 yaligusa sababu ya kwanza kwa siku moja. Ya pili inalipwa polepole.

Mama ana sehemu nyingine ya hadithi hii inayomuuma kuliko hesabu. Desemba 2018, watumishi walipokuwa wamewaka kwa sababu ya kanuni ya asilimia 25 kwa wote, Rais Magufuli aliwaita viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wa mifuko tarehe 28, akaamua kanuni za zamani ziendelee hadi 2023. Mama aliisikiliza redioni, hapa hapa kibarazani. Akachukua kalenda. Septemba 2022 ipo kabla ya 2023. Ameokoka! Jumatatu yake alikwenda kwa fundi wa Pasua wakakubaliana msingi wa nyumba ya vyumba sita vya kupangisha, kiwanja alichokilipia kidogokidogo tangu sisi tukiwa sekondari. Akaongeza mkopo wa mshahara kwa ajili ya tofali na nondo. Mpango ulikuwa mkupuo ufunge kazi: paa, milango, umeme, na kubaki kidogo.

Kisha 2022 serikali, waajiri na vyama wakakaa, wakakubaliana, na tangazo likaja na tarehe yake ya 1 Julai. Bado miezi miwili na kitu astaafu.

Nyumba ya Pasua imefika kwenye lenta. Nondo zimetoka juu ya nguzo, zimeshika kutu rangi ya chai ya rangi, na jirani wa nyuma ameanika nguo kwenye mbili za upande wake. Mama hamfukuzi. Anasema angalau zinafanya kazi.

Wachumi wanaoandika kuhusu mifuko husema mkupuo mkubwa ni hatari, kwamba wastaafu wanautapanya. Wapo. Mwalimu Mkuu mwenyewe alinunua hais ya njia ya Kibosho, akamkabidhi mpwa wake, na leo hais ile imekaa juu ya mawe chini ya migomba, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Lakini alimaliza pia nyumba, na vyumba vitano vina wapangaji. Mwalimu wa msingi wa nchi hii hajawahi kuwa na mkopo wa nyumba wa miaka 25. Mshahara ulisomesha watoto na kuzika wazazi, nyumba ikasubiri kiinua mgongo. Kwa hiyo mkupuo ndio ulikuwa benki yake, na alishaukopa kichwani miaka kumi kabla haujaiva. Ukiupunguza bila kumpa mtu muda wa kupanga upya, unavunja nyumba ambayo tayari ina msingi.

Hili linanirudisha kwenye daftari. Kuna njia ya kurekebisha bila kumvamia mtu mlangoni, na wala haihitaji mtaalamu kutoka nje. Miezi iliyofanyiwa kazi chini ya ahadi ya zamani ihesabiwe kwa namba za zamani, na miezi inayofuata kwa namba mpya. Mama angekuwa na miezi kama 429 kwa 540, na mitatu kwa 580. Mwalimu aliyeajiriwa juzi angekuwa kwenye 580 tangu siku ya kwanza, na ana miaka thelathini na tano ya kujipanga. Wa katikati angegawanyika katikati. Najua jibu: hivyo nafuu kwa mfuko inachelewa miaka mingi, na wakati huo unaendelea kuvuja. Ni kweli. Ndiyo maana ilitakiwa deni la kabla ya 1999 lije taslimu katika miaka hiyohiyo. Pengo la mwenye deni lisingezibwa na waliobakiza miezi miwili.

Kuhusu pensheni ya mwezi, mimi na Mama hatukubaliani. Yeye anataka mkupuo. Mimi naamini laki tano na kitu inayoingia kila mwezi ina thamani kuliko hais yoyote, hasa kwa mwanamke anayetoka kwenye ukoo wa watu wa miaka 88. Ila ina sharti moja, nalo si dogo: ipande pamoja na bei. Januari 2025 kima cha chini cha pensheni kilipanda kutoka 100,000 hadi 150,000 kwa mwezi, na waliokuwa juu ya hapo wakaongezewa asilimia 2. Asilimia 2 ya Mama ni elfu kumi na kitu. Ni kilo ya nyama pale Mbuyuni. Pensheni isiyofuata bei ndiyo inayowafanya watu waukimbilie mkupuo, kwa sababu tofali halipungui thamani ukililalia.

Na mshahara nao. Nyongeza ya kila mwaka ya watumishi ilisimama tangu 2016, na kurejea kwake Rais Samia alikutangaza Mei Mosi 2023 kule Morogoro. Mama alikuwa ameshastaafu. Miaka ile sita ya mwisho, ambayo kikawaida ndiyo mshahara unapanda na kuvuta pensheni juu, kwake ilikuwa tambarare. Wakati ule tuliona kama suala la mwezi kwa mwezi, la bei ya sukari. Kumbe lilikuwa linaandikwa kwenye kila pensheni yake hadi mwisho.

Kabla sijasahau, fedha za mfuko hazikai kwenye sanduku. Nyingine zipo hapa mjini kwetu, Karanga, kwenye kiwanda cha ngozi na viatu ambacho PSSSF ina asilimia 86 na Magereza 14. Mwaka jana nilimnunulia Mama viatu vyake vyeusi vya misa kutoka huko. Alivigeuza akatazama soli, akasema, "Hivi ni vyangu mara mbili, na bado tumevilipia." Huwa ananiuliza kama kiwanda kinapata faida, kwa sauti ileile anayoulizia kama ng'ombe ana mimba. Naona ndilo swali sahihi. Mji wa Dege kule Kigamboni, wa NSSF na mbia wake, ulisimama 2016 ukiwa maghorofa matupu, na zege lile lilikuwa michango ya watu.

Sijagusa wagumu, vijana wetu wanaobeba mizigo hadi Kibo. Wengi wanalipwa kwa safari na hawamo kwenye mfuko wowote. Mfuko wowote unaishi kwa vijana wanaoingia kuliko wazee wanaotoka, na vijana wetu wako mlimani bila namba ya uanachama. Hiyo ni makala yake, nitaiandika msimu ukiisha.

Tulipomaliza mtori Mama alifungua ukurasa mpya, akaandika juu jina langu. "Una miezi mingapi?"

Nikamwambia 148. Bado sijafika hata ile 180 ya kustahili pensheni.

Akaandika 148, akaandika "÷ 580", akapeleka kalamu mbele akaisimamisha. Kisha akakata ile 580 kwa mstari mmoja mwembamba, kama anavyokata kosa la mtoto anayempenda.

"Hii tusiandike kwa wino," akasema. "Kalete penseli."

Nilitafuta kwenye kabati, kwenye droo ya mashine ya kushonea, juu ya redio. Nyumba ya mwalimu, na penseli hakuna.